Wabaneni wauza runinga kwanza, ving'amuzi tuachieni

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile makala yenu iliyotuhimiza kununua runinga zenye king'amuzi ndani yake na kuachana na ving'amuzi vya pembeni, eti vimepitwa na wakati, imenikera. Mwandishi wenu angewauliza mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, kwanza.

Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya zamani ya analojia Desemba 31, 2012, na sisi wa Tanga tukafuatia mwanzoni mwa 2013. Watu walijibana, wengine wakasubiri zamu ya mchezo wa kupeana hela, ili wapate king'amuzi. Leo tunaambiwa tubadilishe tena.

Mama yangu, mkazi wa Makorora, aliuziwa runinga ya inchi 32 hapa hapa mjini. Kiooni ilikuwa na stika kubwa ya dijitali. Muuzaji akamwambia, "Bibi, king'amuzi kimo humo humo, wewe chomeka antena tu." Akaamini, king'amuzi chake akampa jirani. Kijana akapanda juu ya bati kuzungusha antena, sisi dirishani tunampigia kelele, "Bado! Irudishe kidogo!" Runinga ikatafuta chaneli mwanzo hadi mwisho, haikupata hata moja. Fundi alipokuja aliigeuza, akapangusa vumbi kwenye kibandiko cha nyuma, akatusomea: DVB-T, yaani dijitali ya mfumo wa mwanzo. Matangazo yetu ya ardhini, haya ya antena ya kawaida, yanarushwa kwa mfumo mpya zaidi, DVB-T2, na kipokezi cha T hakifungui mawimbi ya T2 hata antena uifunge kwenye kilele cha mnazi. Kurudi dukani, muuzaji akakataa katakata: imeshawashwa, si mpya tena. Mama mtu mzima akasimama pale kaunta na risiti mkononi, anajibiwa na kijana asiyeinua hata macho kwenye simu yake! Ikabidi anunue king'amuzi kingine, kwa hiyo kitu kimoja amekilipia mara mbili.

Na umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, king'amuzi cha pembeni kikiungua peke yake unanunua kingine, runinga unabaki nayo. Kilichomo ndani kikiungua, ni runinga nzima inayobebwa kwa fundi. Teknolojia ikibadilika tena, mwenye kisanduku atabadilisha kisanduku tu.

Sisemi kwamba wenye ving'amuzi ni malaika. Kila kampuni imefunga chake, ukitaka chaneli za mwenzake ununue kingine, na nyumba moja inajaa rimoti. Kifurushi kikiisha, kuna ving'amuzi vinavyozima hata chaneli ambazo mwananchi anapaswa kuzitazama bure. Hilo nalo liandikieni.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na Shirika la Viwango waagize kila duka la runinga liwe na antena juu ya paa. Kabla mnunuzi hajatoa hela, aione TBC ikionyesha kwenye runinga ile ile atakayoibeba, si ya maonyesho. Risiti iandikwe kwa mkono "DVB-T2, imejaribiwa mbele ya mnunuzi", ipigwe muhuri, na ndani ya siku saba picha isipopatikana hela irudishwe pale pale kaunta. Nanyi, Mhariri, chapeni picha ya kibandiko cha nyuma ya runinga, kubwa, ukurasa wa kwanza, mkiweka mshale panapoandikwa T2.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga