Kwa nini ndoo ya maparachichi iliteleza

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nasi hapa nyumbani hatujambo. Umeuliza ni kitu gani kiliwasukuma abiria mbele pale dereva alipofunga breki kwenye matuta ya Kikatiti, hata ndoo ya maparachichi ya yule mama ikateleza mpaka miguuni mwa konda. Hakuna kilichowasukuma. Breki zilizuia magurudumu, magurudumu yakalizuia basi, lakini ndoo haikuwa imefungwa popote, kwa hiyo iliendelea na mwendo iliokuwa nao tangu awali mpaka msuguano wa sakafu ulipoumaliza. Tabia hii ya vitu kung'ang'ania hali viliyo nayo, vilivyotulia vibaki vimetulia na vilivyo mwendoni viendelee kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, ndiyo inesha, na kadiri tungamo la kitu, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, linavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa vigumu kukianzisha au kukisimamisha.

Kwa karibu miaka 2,000 wasomi wengi walimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyefundisha kwamba kitu hakiendi pasipo kusukumwa, na ukiutazama mkokoteni pale sokoni Mbuyuni utamwelewa, maana msukumaji akiuachia, unasimama. Ni Galileo, mwanasayansi wa Italia, kwa kuviringisha tufe za shaba kwenye mbao zilizoinama, aliyetambua kwamba mwendo wenyewe hauhitaji kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ya kuuendeleza, bali msuguano ndio unaoukatiza. Mwaka 1687 Newton, mwanasayansi wa Uingereza, akaliweka jambo hilo kuwa kanuni yake ya kwanza. Ya pili ndiyo inayotupa hesabu: zidisha tungamo kwa badiliko la kasi, kisha gawanya kwa muda, upate kani.

Chukua kalamu. Una kilo 40, na basi linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Likisimama taratibu kwa sekunde 4, kani ya kukusimamisha ni nyutoni (kipimo cha kani) 200 tu. Likigonga kitu likasimama papo hapo, na wewe hujafunga mkanda, mwili wako utaendelea mbele kwa kasi ileile mpaka ukutane na chuma cha kiti. Kikikusimamisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani inafika nyutoni 8,000, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 800. Mkanda huanza kukupunguza kasi mapema, wakati bodi la gari bado linabonyea, hivyo muda unarefuka na kani inapungua. Abiria wanaoukalia mkanda kana kwamba ni mto hunishangaza sana.

Swali lako la kwa nini kwenye kona tunahisi kuvutwa pembeni linajibika vivyo hivyo. Basi likikata kushoto unahisi kuvutwa kulia, lakini hakuna anayekuvuta: mwili wako unashika njia iliyonyooka, na ubavu wa basi ndio unaokusukuma kushoto ukate kona pamoja nalo. Tope nalo likibanduka kwenye tairi la bodaboda huruka mbali, halizunguki tena na gurudumu, kwa kuwa hakuna kinacholipindisha.

Baba yako anakusalimu.

Mama