Malalamiko kuhusu nakala mbili za mchoro wa Soko la Darajani

Kikwajuni,
Zanzibar.
8 Agosti 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: NAKALA ZILIZOKATWA NA HATI YENYE MAELEZO YASIYO SAHIHI

Ndugu Meneja,

Mwezi uliopita niliagiza kwenu nakala mbili za mchoro wa Soko la Darajani la zamani, kila moja sh 180,000, moja yangu na moja ya dada yangu aliyeko Muscat. Zimefika Jumatatu. Sijatundika hata moja, na nakuandikieni nikiwa na uchungu.

Kubwa kuliko yote, picha imekatwa. Tangazo lenu lilisema sm 50 kwa 75. Nimezipima kwa tepu ya fundi cherehani: sm 50 kwa 70. Picha haikudogoshwa, mmekata upande wa kushoto, nadhani ili iingie kwenye fremu mlizonazo. Yaliyobaki ni mazuri, sikatai: gari la ng'ombe linashusha matenga, wanawake na mabuibui yao, muuza kahawa na vikombe vyake, mapakacha ya mashelisheli. Lakini kushoto ndiko kwenye mnada wa samaki. Mchoraji amemweka dalali kainua mkono, changu na nguru wametandazwa chini mbele yake, watu wamemzunguka. Marehemu baba yetu alikuwa dalali wa samaki pale pale Darajani. Tulipokuwa wadogo tukimpelekea chai, tunamkuta sauti imeshamkauka kwa kunadi. Hatuna picha yake hata moja akiwa kazini. Nilipouona mchoro huu mtandaoni nilimpigia dada usiku ule ule, tukaamua kununua kwa ajili ya pembe ile tu. Sasa kwenye nakala zenu umebaki mkia wa nguru na mnunuzi mmoja anayemnyooshea kidole mtu asiyeonekana.

La pili limeniudhi kwa namna nyingine. Hati mliyoambatanisha inasema "Soko la Kale la Watumwa, Zanzibar". Silo. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, likafungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultan Barghash, na palepale likajengwa Kanisa la Anglikana lililopo hadi leo. Jengo la soko la Darajani ni la 1904, na jina limetokana na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Najua ni mwendo mfupi kutoka Darajani hadi Mkunazini, na wageni huchanganya. Lakini hati hii mnaiuza kama ushahidi. Mtu ataipeleka mbali, ataitundika, na wanawe wataamini kwamba wauza mashelisheli hawa ni watu waliokuwa wakisubiri kuuzwa. Ni kuwakosea wa Mkunazini na wa Darajani kwa pamoja.

Namba nazo. Mlitangaza toleo la nakala 100, kila moja na namba yake na saini ya mchoraji kwa penseli. Zangu zote mbili ni 17/100, na saini nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia: ni vitone vya wino wa mashine. Karatasi inang'aa kama ya picha za pasipoti, wakati mliahidi ya pamba isiyong'aa. Je, mchoraji mwenyewe anajua?

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa adabu kwamba picha zote hukatwa kidogo pembeni. Basi mngelisema kabla sijalipa.

Naomba nakala mbili nyingine, nzima, sm 50 kwa 75, kwenye karatasi mliyoitangaza, kila moja na namba yake na saini ya mkono, na hati iandikwe Soko la Darajani. Hizi nitazirudisha kwa boti, gharama ya mzigo iwe juu yenu. Kama hamwezi, nirudishieni sh 360,000 zangu. Nakupeni siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitalipeleka shauri Tume ya Ushindani. Risiti ninazo, na vipimo nimevipiga picha.

Nakala ya dada msiipeleke Muscat moja kwa moja. Ileteni kwangu kwanza, nimwone dalali yupo, ndipo nitamtumia mwenyewe.

Wenu,
Mteja
(saini)