Majalada ya vijana: kabla hatujakutana Jumamosi

Habari zenu walezi wapendwa. Nimepitia majalada ya kazi waliyotuma vijana wetu, yaani mafaili ya kuonyesha walichofanya pamoja na ushahidi wake. Kazi wamefanya, tena nzuri, ila wanaiandika kama wanaojaza fomu. "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya mazingira." Haya, kisha? Tukikaa nao tuwaulize: mlikuwa wangapi, wewe hasa ulifanya nini, na nini kilibadilika? Binti mmoja nilipombana hivyo, sentensi yake ikageuka: "Nilipanga zamu za kumwagilia miche 40 wakati wa likizo; 31 ilishika." Hiyo ndiyo tunayoitaka, na ile 9 iliyokauka aieleze pia.

Ushahidi usiwe mwingi: picha yenye tarehe, ukurasa wa daftari la mahudhurio, barua fupi ya msimamizi. Picha za watoto ambao vijana wetu waliwahudumia zisiwekwe bila ridhaa ya wazazi, hapo sina mzaha.

Na jamani, tusiwaandikie! Lugha ya mtu mzima hujulikana mstari wa kwanza tu.

Kila mlezi achukue vijana wawili. Majina nitumieni pembeni, si humu kikundini, kabla ya Alhamisi jioni. Mwenye skana aje nayo.