Malalamiko Kuhusu Gari-Nyumba Lililoharibiwa Katika Kituo cha Kuoshea Malori

Kwa Meneja Mkuu,
Kituo cha Kuoshea Malori,
Barabara ya Tororo–Malaba,
Uganda.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: UHARIBIFU WA GARI-NYUMBA NA MADAI YA FIDIA

Nakuandikia kulalamikia namna gari langu lilivyooshwa kituoni kwenu, na kudai fidia ya uharibifu uliotokana na kazi hiyo. Tulikwisha kuzungumza kwa simu, nawe ukanijibu kwamba malori yote hapo huoshwa hivyo hivyo na hakuna dereva aliyewahi kulalamika. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu gari langu si lori, na watu wenu waliambiwa hivyo kabla bomba halijafunguliwa.

Gari lenyewe ni la kuishi. Lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo na tangi la maji, na mimi na mume wangu hulikodisha kwa watalii wanaopenda kuzunguka mbuga bila kulala hotelini. Lilikuwa limerudi kutoka mbuga ya Kidepo kwa njia ya Kaabong na Kotido wakati wa mvua, na anayeijua njia hiyo anaujua pia udongo wake mweusi, ambao ukishashika chini ya gari na kukauka hautoki kwa ndoo na kitambaa. Nililileta kwenu kwa kuwa kimo chake ni zaidi ya mita tatu na haliingii chini ya mabati ya karwashi za mjini. Na sikutaka kulipeleka mtoni, kama wengi wanavyofanya, ilhali kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zipo. Kituo chenu kina sakafu ya zege, mtaro, na shimo la kutenganisha mafuta na maji. Kwa hilo nawapongeza, wala sisemi kwa kejeli.

Kwenye kaunta nilimweleza dada aliyenipokea kwamba maji yasipigwe moja kwa moja kwenye madirisha, kwenye maungio ya paa, wala kwenye matundu ya hewa ya friji yaliyo ubavuni. Kwamba itumike sabuni ya kawaida ya magari. Na kwamba mtu asipande juu. Aliandika kwenye risiti maneno “gari la watalii, presha ndogo, sabuni laini, hakuna kupanda juu”, akaniongezea bei juu ya ile ya lori la ekseli mbili, nami nikalipa shilingi 150,000 bila kubishana. Nakala ya risiti hiyo nimeiambatisha. Nakuomba uisome mwenyewe, maana kwenye simu ulisema hapakuwa na makubaliano yoyote ya pekee.

Maneno hayo hayakuwafikia waliokuwa na bomba mkononi. Niliombwa nisubiri ofisini kwa ajili ya usalama, na nilipotoka nilimkuta kijana mmoja juu ya paa amevaa gambuti, na mwingine ameshika bomba lenye ncha inayozunguka, ile ya kung’olea matope kwenye chasi, ameielekeza ubavuni mwa gari kwa umbali usiofika shubiri. Povu lililopakwa upande wa pili lilikuwa limeshaanza kukaukia juani. Nilipouliza ni sabuni gani, kijana alinijibu kwa heshima kabisa: “Mama, usijali, hii ndiyo inatoa simenti.” Akanionyesha pipa la bluu lisilo na lebo, ambalo kwa maelezo yake ndilo linalotumika kwa malori ya saruji yanayopanga foleni hapo jioni.

Kijana huyo simlaumu, na ningesikitika akipoteza kazi kwa sababu ya barua hii. Alifanya alichofundishwa, kwa dawa aliyopewa, kwa bomba pekee lililokuwepo. Lawama yangu ni kwa kampuni inayopokea maagizo kaunta, ikayatoza fedha, kisha isiwe na mtu wa kuyapeleka mita ishirini hadi sehemu ya kuoshea.

Dawa za kuondoa saruji kwa kawaida ni tindikali, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoyeyusha saruji iliyoganda. Nyingi za zile zinazotoa grisi kwenye malori zina kostiki soda. Zote mbili hula aluminiamu. Fremu ya mlango, ngazi ya nyuma na ukingo wote wa chini wa gari langu ni aluminiamu, na sasa vina michirizi ya kijivu inayofuata njia ambayo povu liliteremkia. Ukipitisha kidole unahisi ukwaru pale palipokuwa laini. Haitoki kwa kusugua, kwa sababu si uchafu. Ni aluminiamu yenyewe iliyolika.

Madirisha nayo si ya kioo. Ni ya akriliki, plastiki ngumu ya tabaka mbili, ambayo huchaguliwa kwa wepesi wake na kwa kuzuia joto, lakini haivumilii dawa kali wala brashi yenye mchanga. Mawili ya upande wa kulia yamejaa nyufa nyembamba mno, ambazo kucha haizihisi ila huonekana jua likiyapiga kwa upande, na juu yake kuna mikwaruzo ya mviringo ya brashi iliyokuwa imetoka kusugua magurudumu ya lori.

Lakini yote hayo ni madogo ukiyalinganisha na maji, na hapa ndipo jibu lako la simu linapokosea zaidi. Lori la mizigo limeundwa lilowe. Bodi yake ni chuma kilichopakwa rangi, na maji yakipenya chini ya turubali au kati ya mbao hujitafutia njia na kutokea chini. Ukuta wa gari-nyumba ni wa tabaka: nje kuna ngozi nyembamba ya faibaglasi au aluminiamu, katikati povu gumu la kuzuia joto, ndani plaiwudi, na vyote vimeshikwa kwa gundi. Maungio yake hayakuchomelewa, bali yamezibwa kwa gundi ya mpira inayoruhusu gari kujinyonganyonga kwenye mashimo bila kupasuka. Mvua kubwa haipiti hapo. Mashine za kuoshea malori, hata hivyo, mara nyingi husukuma maji kwa presha ya baa 150 hadi 200 (baa ni kipimo cha presha), na ncha ikisogezwa karibu, maji hayo huinua gundi kwenye ukingo wake na kuingia. Yakishaingia hayana pa kutokea. Plaiwudi huvimba, tabaka huachana, na ukuta huoza kwa ndani huku nje ukiendelea kung’aa.

Usiku ule ule tulikuta godoro la kitanda cha nyuma limelowa upande wa ukutani. Baadaye ukuta wa ndani, chini ya dirisha, ulitoa uvimbe unaobonyea ukiugusa, na harufu ya ukungu haijaondoka ingawa milango tunaiacha wazi mchana kutwa.

Nyuma ya yale matundu ya ubavuni niliyoomba yasiguswe kuna kichomeo cha gesi cha friji, nyaya zake na bodi yake ya umeme, kwa sababu friji za aina hii hutumia gesi au umeme na lazima zivute hewa kutoka nje. Maji yalipigwa humo moja kwa moja. Fundi alipofungua kifuniko alikuta povu limekaukia juu ya bodi. Kwa umeme, friji haifanyi kazi kabisa. Kwa gesi huwaka kisha huzimika, na fundi ametuagiza tufunge valvu ya gesi mpaka kichomeo kibadilishwe. Sidhani unahitaji kuelezwa kwa nini kichomeo kibovu si jambo la mzaha ndani ya chumba ambamo watu wanalala. Juu ya paa, gambuti ilipasua kifuniko cha plastiki cha dirisha la hewa, na alama ya soli ilikuwa bado ipo nilipopiga picha. Paneli ya sola ilipona.

Nilimwita msimamizi wa zamu nikamwonyesha maji yakidondoka kutoka kwenye taa ya ndani. Alinipa kitambaa, kisha akasema kwamba gari limetakata. Kwa kweli lilikuwa limetakata.

Kwa tathmini za mafundi wawili nilizoambatisha, gharama ya kuagiza madirisha mawili kutoka nje, kubadilisha kifuniko cha paa, bodi na kichomeo cha friji, na kuufungua ukuta wa nyuma ili ukaushwe na kuwekewa plaiwudi mpya, ni shilingi 9,200,000. Pamoja na ada niliyolipa, nadai shilingi 9,350,000. Michirizi ya aluminiamu sikuihesabu, kwa kuwa haizuii gari kufanya kazi, wala sikuweka mapato ya safari tuliyolazimika kuifuta, ingawa ningekuwa na haki ya kuyadai.

Ombi la pili halina gharama kwenu, na nalitaka hata kabla ya fedha. Niandikieni jina la dawa iliyokuwemo katika pipa lile, pamoja na karatasi ya usalama inayotolewa na mtengenezaji. Fundi anapaswa kujua kama ni tindikali au kostiki kabla ya kuondoa mabaki yaliyoingia kwenye maungio, maana namna ya kushughulikia moja si namna ya kushughulikia nyingine, na wateja wetu hulala na watoto wao karibu kabisa na ukuta huo. Kama nanyi hamjui kilichomo, basi andikeni hivyo. Vijana wenu walikuwa wakiishika dawa hiyo kwa mikono mitupu, na swali hili linawahusu wao kuliko mimi.

Umenikumbusha pia tangazo lililobandikwa ofisini, linalosema kwamba kampuni haiwajibiki kwa uharibifu wowote. Nimelisoma. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma kibiashara aitoe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na sioni jinsi karatasi ya ukutani inavyoweza kufuta maagizo mliyoyaandika wenyewe kwenye risiti yenye muhuri wenu. Isitoshe, bango jipya lililo barabarani mbele ya kituo lina picha ya gari la safari na linawakaribisha watalii. Mkitaka kuendelea kuwakaribisha, itabidi angalau mtenge bomba moja lenye ncha pana na presha ya chini, na pipa la sabuni lenye jina lake. La sivyo, liondoeni bango na muwaambie wenye magari ya namna hii kwamba kazi yao hamuiwezi. Jibu kama hilo ningelipokea siku ile bila kinyongo, na ningeondoka na matope yangu.

Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipolipata, nitawasilisha dai langu mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Kwa sasa gari liko kwa fundi mjini Mbale. Mkitaka kulikagua, mtumeni mtu wenu ndani ya muda huo huo, aje na risiti ya upande wenu, kwa sababu baada ya hapo ukuta wa nyuma utafunguliwa na ushahidi wa ndani utatolewa pamoja na plaiwudi.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa gari

Viambatisho: nakala ya risiti; picha za madirisha, ukuta, friji na paa; tathmini za mafundi wawili.