Chuma mwilini, njumu miguuni

Carlisle, Uingereza
Mwezi wa nane

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, kazi ya ghalani inaendelea, na hela ya ada ya Doto nimeituma Ijumaa kwa njia ile ile ya simu. Akishaipokea anijulishe, asikae kimya.

Sasa nije kwenye ile picha yangu ya mavazi ya askari. Nimesikia baba mdogo aliwaonyesha watu kijiweni akasema nimechukuliwa jeshini, na Mama hukulala. Mama, sijachukuliwa na jeshi lolote. Jeshi nililovalia mavazi yake liliondoka nchi hii miaka 1600 iliyopita. Hapa kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao mwisho wa wiki huvaa kama askari wa Roma na kuwaonyesha wageni walivyopigana, walivyopika na walivyopiga kambi. Kikundi kimoja cha siku nyingi, Ermine Street Guard, kipo tangu 1972. Chetu ni kidogo na hakina jina kubwa. Kila mtu ananunua vifaa vyake au anavifua mwenyewe gereji, na halipwi mtu. Najua Baba atauliza: mtu abebe chuma milimani bila mshahara? Ngoja nieleze.

Maonyesho ya panga uwanjani mimi hayanivutii sana. Dakika kumi za kelele, watoto wanapiga makofi, kwisha. Kilichonishika ni kutembea. Kwenye kikundi chetu kuna wachache ambao hufunga mzigo wote wa askari, kuanzia kofia ya chuma mpaka sufuria, wakaenda nao kutwa. Baba ulikuwa JKT, mchakamchaka na ruti machi unavijua, kwa hiyo haya nakuandikia wewe zaidi.

Safari ya kwenye picha ilitoka ngome ya Birdoswald kwenda mashariki hadi Housesteads. Tulifuata ukuta ambao kaizari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122, kilomita 117 kutoka pwani mpaka pwani. Kila maili moja ya Kirumi, ambayo ni karibu kilomita moja na nusu, walijenga kituo chenye geti, na magofu ya vingi yapo mpaka leo, kwa hiyo huhitaji saa wala simu kujua umefika wapi. Kutoka Birdoswald hadi Housesteads ni kama maili 12 za namna hiyo. Karatasini ni kidogo. Ila sehemu ya mwisho ukuta unapita juu ya majabali, unapanda, unashuka, unapanda tena, na mvua ya huku hainyeshi kutoka juu, inakuja ubavuni.

Dirii yangu, yaani vazi la kujikinga vitani, ni ya pete za chuma, kilo 11 hivi. Kofia kilo mbili. Ngao ya mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka inafika saba au nane. Ongeza upanga, jambia, mkuki, na ule mti wenye kipande kilichokatiza juu, ambao ndio shanta lao: unauweka begani, nyuma umening'iniza mfuko wa ngozi, blanketi, sufuria na chakula. Jumla inapita kilo 30. Kofia hawakuivaa njiani. Roma kuna nguzo ya kaizari Trajan iliyochongwa askari wakiwa safarini, na utaona kofia zimening'inizwa kifuani. Ukitembea nayo kichwani saa moja utaelewa kwa nini.

Siku za mwanzo dirii ilikuwa inaniua mabega. Mzee mmoja wa kikundi, fundi mabomba mstaafu, akanifundisha kukaza mkanda kiunoni, kisha kuivuta dirii juu kidogo ikalalie mkanda. Uzito ukashuka nyongani, nikapumua. Mkanda ule ulikuwa umejaa nakshi za shaba, nami nilidhani ni urembo tu wa askari.

Ngao ndiyo adui. Ukiibeba mgongoni juu kule kwenye majabali, upepo unaikamata, unakuyumbisha kuelekea usikotaka. Na ikilowa inazidi uzito, ndiyo maana waliishonea mfuko wa ngozi.

Viatu sasa. Ni makubadhi ya ngozi nene yenye kamba mpaka juu ya kifundo, na chini yamepigwa njumu za chuma, nyingi. Kwenye udongo na majani yanashika vizuri kuliko buti langu la kazini. Kwenye lami na mawe laini ni barafu. Josephus, aliyeandika habari za vita vya Warumi na Wayahudi, anamtaja ofisa mmoja, Julianus, mtu shujaa aliyewakimbiza maadui peke yake katika uwanja wa hekalu kule Yerusalemu. Njumu zikateleza juu ya sakafu ya mawe, akaanguka na chuma chake chote, wakamrudia wakamuua. Tukikatiza barabara ya magari huwa namkumbuka, nafupisha hatua.

Mama, usiogope baridi ya miguu, navaa soksi nene za sufu. Na wao walivaa! Karibu na njia yetu kuna ngome ya Vindolanda, ambako tangu 1973 wanafukua barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mbao. Moja ni ya mtu anayemwambia askari kwamba amemtumia jozi za soksi, makubadhi jozi mbili na chupi mbili. Kwa hiyo ule mzigo wako wa mwaka jana, wa vitenge na dagaa, una wakubwa zake.

Kasi yao ndiyo watu wanayoibishania sana. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya jeshi, anasema kuruta aende maili 20 kwa saa tano za kiangazi, na azoeshwe kubeba ratili 60 za Kirumi, kama kilo 20 za sasa. Watu wakisoma hapo wanafikiri ni mbio. Lakini Warumi waligawa mchana mafungu 12, uwe mrefu uwe mfupi, kwa hiyo saa ya kiangazi ilizidi yetu. Ni kilomita 30 kwa saa sita na ushee, yaani mwendo ambao Mama unakwenda nao gulioni. Kazi ni kwamba ukifika hujapumzika: unachimba handaki la kambi, unasaga ngano, unapika uji wako, na kesho alfajiri unaanza upya. Josephus huyo huyo anaorodhesha walichobeba, msumeno, kapu, sururu, shoka, kamba ya ngozi, mundu, mnyororo na chakula cha siku tatu, akasema askari wa miguu hana tofauti kubwa na nyumbu wa mizigo. Sisi tukifika Housesteads kuna gari na chai. Sijidanganyi.

Wenzangu wanamheshimu sana Mjerumani mmoja, Marcus Junkelmann, ambaye mwaka 1985 alitoka Verona, Italia, na kikosi kidogo wakiwa na vifaa kamili, wakavuka milima ya Alps kwa miguu hadi Augsburg. Mengi wanayoyajua waigizaji wa leo kuhusu mizigo na viatu yalianza kupimwa miguuni namna hiyo.

Nami jioni moja nikawahadithia wazee wetu wa Unyamwezi, wapagazi waliotoka Tabora mpaka Bagamoyo na frasila mbili begani, kilo 30 na zaidi, wiki kwa wiki, wengi bila kiatu. Meza ikanyamaza. Fundi mabomba akauliza walikuwa wanafungaje mzigo, nikakosa jibu. Baba, tafadhali waulize wazee: pembe ya ndovu ilifungwa vipi isichubue bega?

Kuna watazamaji huniuliza Mwafrika anafanya nini kwenye jeshi la Roma. Nawaelekeza Burgh-by-Sands, kijiji kilicho karibu tu na hapa ninapokaa, ambako katika karne ya tatu kulikuwa na kikosi cha Wamauri kutoka Afrika ya kaskazini. Kaizari Septimius Severus mwenyewe alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Sisemi walikuwa watu wa kwetu, hawakuwa. Ila kutoka Afrika walitoka, na mvua hii iliwanyeshea.

Mwezi ujao tunakwenda siku mbili mfululizo, na usiku tutalala kwenye hema la ngozi, watu wanane kama wao. Malengelenge ya kisigino cha kulia bado hayajapona vizuri. Baba, nyinyi kule kambini mlikuwa mnayatoboa au mnayaacha? Hapa kila mtu ana dawa yake na wanagombana. Mpe Kulwa simu anirekodie sauti yako, usisumbuke kuandika.

Mama, zamu za usiku nimepumzishwa, nalala vya kutosha. Nisalimieni bibi na jirani wote, na baba mdogo mwambieni askari anamsalimia.

Mwanenu,
Masanja