Okonkwo ni shujaa wa nini?

Mhariri,

Naomba nafasi niwapinge wanaomwita Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, *Things Fall Apart*, shujaa kwa sababu tu alimbwaga Amalinze katika mieleka na baadaye akamkata kichwa tarishi wa wakoloni. Mtu aliyeonywa na mzee Ezeudu asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, kisha akampiga panga kwa kuchelea kuonekana dhaifu, alitawaliwa na hofu. Rafiki yake Obierika alikataa kwenda, na baada ya mauaji akamweleza waziwazi kwamba kitendo hicho hakitaipendeza Ardhi, mungu wa kike wa jamii yao. Huyo, japo naye alishiriki kulibomoa boma la Okonkwo, ndiye ningempa sifa hiyo.

Msomaji, Morogoro