Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ada, Mahudhurio na Safari ya Scituate

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za saa hizi. Futari ya pamoja, sherehe ya Desemba na misiba miwili tuliyochangia mnaijua, sitairudia.

Nije kwenye safari ya Julai, maana nimesemwa vya kutosha. Kwenye kundi la WhatsApp imeandikwa kwamba mwenyekiti alikodi basi kwa dola 640 za umoja, kutoka Boston hadi Scituate, mji wa pwani kusini mwa Boston, kwenda kutazama kufuli. Ni kweli mnara wa taa wa bandari ile tuliukuta umefungwa. Hufunguliwa siku maalumu tu, na kupiga simu mapema lilikuwa jukumu la kamati nzima, si langu peke yangu. Lakini mengi yanaonekana kwa nje: chini mawe ya 1811, juu matofali yaliyoongezwa 1827. Tena nilieleza mwenyewe, bila karatasi, habari za Rebecca na Abigail, mabinti wa mtunza taa Simeon Bates. Husimuliwa kwamba mwaka 1814, wakati wa vita na Waingereza, waliwaona askari wakija kwa mashua, wakapiga filimbi na ngoma wakiwa wamejificha, na maadui wakageuza wakidhani jeshi linakuja. Wasichana wawili! Sisi tuko 83 kwenye daftari, na mkutano wa Oktoba tulifika 11, nikiwemo mimi na mweka hazina.

Taa ile ilizimwa 1860, ulipowashwa mnara wa mawe kwenye mwamba wa Minot, baharini jirani na hapo. Wa kwanza pale, wa nguzo za chuma, dhoruba ya Aprili 1851 iliuangusha na wasaidizi wawili wakafa. Mnara wa Scituate mji uliununua 1917 kwa dola 4,000, baadaye ukakarabatiwa, na 1994 taa ikarudi kuwaongoza mabaharia, baada ya miaka 134. Aliyeuliza "mnara wa Wazungu unatuhusu nini" hajalipa ada tangu mwaka juzi. Jina ninalo, sitalitaja.

Waliolipa kamili ni 29. Zimeingia dola 2,175, zimetoka 2,410. Pengo nimeliziba kwa mfuko wangu, ingawa sikutaka kulisema.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta ofisi, na huenda tukasafiri tena. Simu nitapiga mwenyewe.

Sufuria kubwa ya umoja bado iko kwa mtu. Airudishe.

Mwenyekiti wenu